Nyumbani kwa Dinah Hatuli

Inver Grove Heights, Minnesota
11 Oktoba 2015

Mama mkubwa Perpétue,

Nakusalimia wewe kwanza, halafu nyumba yako, halafu majirani wote wanaokuja kuomba moto na kukaa mpaka jioni. Mgongo unasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa mchungaji akuletee, ilifika au ilipakwa na wengine njiani?

Sisi tuko. Rigobert bado yuko kwenye ghala la Lakeville, anapakia masanduku, anarudi mikono imekauka kama magome. Mwanetu Merveille anakimbia sasa, hatembei tena, ni kukimbia tu na kuanguka. Akikasirika anakunja uso kama marehemu Mama, mpaka Rigobert anasema, "Bernardine amerudi, tujifiche." Majani yote ya miti yameanguka. Watu wa huku wanayakusanya kwenye mifuko kama mahindi.

Uliniuliza kwa nini sisemi mambo ya maana kwenye simu. Mama mkubwa, simu yenyewe ni ya jirani yako Habiyaremye, na kila nikikupigia nasikia watu wanakohoa nyuma yako. Mimi nilisoma mpaka la sita tu, utanisamehe mwandiko, lakini karatasi haikohoi.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi! Ni hoteli, iko Eden Prairie, mbali na hapa. Nakunja mashuka. Yanatoka kwenye mashine yana moto, unayakunja haraka kabla hayajapata mikunjo. Mwenzangu ni Jedidah, Mkenya, anakaa karibu nasi, ndiye ananipitia na gari lake asubuhi. Huku bila gari wewe ni mti, unasimama ulipoota. Wanasema nikivumilia nitapandishwa kuwa wa kukagua vyumba, na mimi nitavumilia. Nikipandishwa tutatafuta nyumba yenye chumba cha mtoto na cha mgeni. Mgeni ni wewe.

Mtoto anabaki na mama mmoja wa hapa kwenye jengo letu, mtu wa kusali. Usiwe na wasiwasi.

Naacha hapa, mjukuu wako amepanda juu ya kiti na kiti hakijamaliza kucheza.

Ni mimi mtoto wako,
Héritière


Nyarugusu
22 Novemba 2015

Mwanangu Héritière, Mama Merveille,

Barua yako nimeipata kupitia sanduku la kanisa pale Kasulu. Bahasha ilikuwa imegundishwa mara mbili. Yeyote aliyeisoma kabla yangu, namsalimu pia.

Dawa ilifika nusu. Mgongo nao umepona nusu, haki imetendeka. Mke wa Habiyaremye amejifungua mtoto wa kike, mnene, hawajamtoa nje kwa sababu ya macho ya watu. Mvua ya hapa kambini imeangusha ukuta wangu wa jikoni, napika chini ya turubai. Nashukuru kwa kazi. Kunja vizuri, mashuka ya tajiri yasikushinde.

Sasa sikiliza. Umeniandikia mistari mingi juu ya mashuka na mistari miwili juu ya mtoto. Mimi nimekulea, najua unapoficha kitu unaongea sana juu ya kingine. "Mama mmoja." Mama mmoja ana jina? Ametoka wapi? Anampa mtoto nini, na nani anaonja kwanza?

Kwetu Uvira hatufundishwi shuleni, tunafundishwa na makaburi. Mwenyeji anakunywa kwanza. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Asiyefanya hivyo ana sababu. Sumu ya karuho haina harufu, inakaa kwenye kucha ya mtu anayekuchekea. Mama yako Bernardine alikula kwa jirani bila kungoja mwenyeji aonje, na wewe unajua tulikompeleka baada ya hapo.

Kusali si kitu. Hata yule jirani alikuwa anasali, tena sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Jibu nilichouliza, na bahasha uifunge na utepe.

Mimi anayekuombea,
Mama yako mkubwa, Perpétue


Inver Grove Heights
20 Desemba 2015

Mama mkubwa wangu,

Noeli njema, na kama barua hii itafika imeshapita, basi ni Noeli njema ya mwakani, nimewahi. Pole kwa jiko. Mpe hongera mke wa Habiyaremye. Huku theluji imefika, Merveille aliitia mdomoni kabla sijamkamata, halafu akanitazama kama mimi ndiye nimemuunguza.

Haya, umenishika.

Anaitwa Dinah. Anakaa chini, mlango wa kwanza ukiingia kwenye jengo. Si Mkongomani, si Mkenya, si wa hapa. Ametoka kisiwa kinaitwa Borneo, upande wa Malaysia, na kabila lake ni Iban. Nilikuwa sijalisikia tangu nizaliwe. Mumewe alikuwa Mzungu wa Minnesota, alikwenda kufundisha kwao zamani, akamuoa, akamleta, akafa. Hawakupata mtoto. Ni mfupi, nywele nyeupe, akicheka anafunika mdomo. Ana msalaba ukutani.

Nilikuficha kwa sababu mimi mwenyewe roho yangu haijakaa juu yake.

Mtoto namwachia chakula nilichopika mwenyewe, kwenye bakuli lenye kifuniko. Lakini kila nikifika kwa Dinah, asubuhi nikimpeleka na jioni nikimchukua, ana kitu mezani. Wali, samaki wa chumvi, majani ya harufu nisiyoijua. Ananisukumia sahani. "Kula." Nasema nimeshiba. "Kidogo." Nasema asante, nimeshiba. Basi uso wake unabadilika, unakuwa kama wa mtu aliyepokea habari ya msiba. Siku moja alinifuata mpaka nje, miguu mitupu kwenye baridi ile, sahani mkononi, ananiomba niguse tu. Niguse! Jedidah yuko kwenye gari anapiga honi, mimi nakimbia, mama wa watu ananikimbiza na wali. Mama mkubwa, wewe umenifundisha: anayekubembeleza sana kula ndiye wa kumkimbia. Na yeye haonji kwanza, hajaonja hata siku moja.

La pili. Siku moja hoteli haikuwa na wageni nikarudi mapema. Mlango wa Dinah ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona amempakata Merveille, anashika kidole chake, anakigusisha kwenye wali, halafu mdomoni. Kwenye samaki, halafu mdomoni. Na anasema maneno.

La tatu. Mtoto wangu ndani ya nyumba ile anaitwa Endun. Nani amebatizwa Endun? Na juzi alinikimbilia akasema "Indai." Nikamwambia, sema Mama. Akasema Indai.

Utasema mtoe. Nikimtoa leo, kesho sina kazi, kwa sababu vituo vya watoto vina foleni na Rigobert hawezi kukaa nyumbani. Yeye ananicheka, anasema nimekuja na hofu ya kambi kwenye sanduku. Jumamosi mimi nikiwa kazini, yeye ndiye anamchukua mtoto kwa Dinah. Anarudi hataki ugali, anasema tumbo limejaa upepo.

Kwa hiyo nimefanya hivi: najifunza lugha ya Dinah, yeye hajui. Nataka nisimame nyuma ya mlango ule nisikie anamwambia nini mtoto wangu. Jedidah alitafuta kwenye simu yake akapata maneno ya kila siku ya Kiiban. Wakati wa mapumziko ananisomea, mimi nayashika kichwani na kuyarudia nikikunja. "Nama berita nuan," habari yako. Nao wanaulizana habari kama sisi! "Udah makai," umeshakula? "Bedau," bado. "Kini ka nuan," unakwenda wapi? "Anang takut," usiogope. Jedidah ananitania: "Wee Mama Merveille, sasa unasalimia mashuka? Bosi akipita atajua umewehuka, na mimi nitasema sikujui."

"Indai" ni mama. Kumbe mtoto alikuwa ananiita mama. Nilikaa chini kwenye kapu la taulo. Lakini bado najiuliza, kwa nini amfundishe hivyo?

Neno moja halipo kwenye simu ya Jedidah, nalo ndilo linakuja kila kidole kikigusa wali: puni. "Anang puni, Endun." Anang ni katazo, hilo nalijua. Puni ni nini?

Na jambo moja nikuulize. Siku ile Mama alikula nini kwa jirani? Nilikuwa mdogo, kila nikiingia mlikuwa mnanyamaza.

Utepe nimeweka mara tatu.

Mtoto wako,
Héritière


Nyarugusu
31 Januari 2016

Héritière,

Salamu zako nimezipokea. Jiko limesimama, mtoto wa Habiyaremye ameitwa Furaha, mgao wa mahindi umepunguzwa tena. Hayo ndiyo ya kawaida.

Yasiyo ya kawaida ni kwamba nimesikia kwa Habiyaremye, tena anasema huku anatafuna muhogo, kwamba Rigobert amepiga simu na gari lenu na yule Mkenya limeteleza kwenye barafu likaingia mtaroni. Mimi naambiwa na mtu anayetafuna. Wewe una mikono miwili na kalamu.

Nikupe neno langu sasa. Mtoe mtoto. Usingoje kujua hiyo puni ni nini. Ukiona kitu kirefu kimejikunja kwenye kitanda cha mtoto, huendi kwanza kuuliza kwao kinaitwaje. Mwanamke asiye na mtoto, anamwita mtoto wa mwenzake jina jipya, anamshika kidole, anasema maneno, anakimbiza watu na sahani. Unataka akuandikie barua ndipo uelewe? Na wewe umekataa chakula chake, halafu gari linaanguka. Mimi sisemi kitu. Nimeviweka tu karibu karibu, uviangalie.

Mambo ya kujifunza lugha yake ni ya hatari. Unadhani unamchunguza, kumbe unamfungulia mlango. Kazi itapatikana nyingine. Rigobert naye nimemtumia ujumbe wangu, atakuambia mwenyewe kama ana haya.

Ya mama yako hayaulizwi kwenye karatasi.

Perpétue


Inver Grove Heights
6 Machi 2016

Mama mkubwa wangu mpendwa,

Nakusalimia kwa magoti. Furaha anyonye vizuri. Rigobert alinisomea ujumbe wako kwa sauti ya chini, akiwa amesimama karibu na mlango.

Ni kweli tuliteleza. Ilikuwa kwenye barabara kuu ya 494, asubuhi. Gari lilizunguka kama kifuniko cha sufuria, Jedidah akaachia usukani akainua mikono juu akisema, "Yesu, shika wewe." Ikawa mtaroni. Hatukuumia. Sikukuandikia kwa sababu wewe uko mbali, na hofu ikifika kwako inakaa peke yake na wewe.

Barua yako nilipoisoma nilishuka palepale kwenda kumwambia Dinah mtoto haji tena. Nilikuwa nimepanga Kiingereza changu vizuri, maneno machache ya adabu. Sikuyasema. Nilimkuta amesimama mlangoni, macho mekundu, koti la Merveille mkononi.

"Mchukue mtoto wako," akasema. "Mimi siwezi tena."

Nikamwuliza kwa nini, na wakati huo nilikuwa nimekuja kumfukuza mimi.

"Kila siku unatoka nyumbani kwangu umekataa chakula. Hata kugusa hutaki. Unapanda gari, mimi nakaa dirishani mpaka nione umerudi. Asubuhi ile nilikupa vitumbua vyangu vya mchele ukapita kama umepita jiwe, na gari likaanguka. Safari nyingine utakufa, na itakuwa juu yangu. Siwezi."

Mama mkubwa, hiyo ndiyo puni. Kwao ukikaribishwa chakula, hata kama umeshiba, hata kama una haraka, unakigusa kwa kidole na kupeleka mdomoni, halafu unakwenda zako. Ukiondoka hujagusa, balaa linakungoja njiani. Kwao ni nyoka, au mti kuanguka, au mto. Wanawafundisha watoto kabla hawajajua kusema. Alikuwa anamkinga mtoto wangu asitoke na balaa, kila jioni, sahani kwa sahani. Na Endun si jina, ndivyo wanavyomwita mtoto wa kike wanayempenda. Aliyemshinda kumkinga ni mimi mama yake.

Halafu akaniuliza, "Umeona uchafu kwangu? Unanichukia? Au unadhani naweka kitu?"

Macho yangu yalishuka kwenye kucha zake. Macho hayo ndiyo yaliyomjibu. Akafunika mdomo kwa mkono, na safari hii hakuwa anacheka.

Merveille akaanza kulia kwa kuona nyuso zetu. Mimi bila kufikiri nikamwambia, "Anang takut, Endun."

Dinah akageuka. "Umesema nini?"

Nikaogopa. Lakini lilikuwa limeshatoka, basi nikamtolea na mengine. "Nama berita nuan?"

Akakaa chini kwenye sakafu, katikati ya viatu. Akasema tangu mumewe afe hakuna mtu aliyemwuliza habari kwa lugha yake. Mumewe ndiye alikuwa anajua, tena vibaya, alikuwa anasema kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni. Ndiyo maana alikuwa anaongea na mtoto mchana kutwa. Mtoto hachoki kusikiliza.

"Nani amekufundisha?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilijifunza ili nimsikilize nyuma ya mlango. Alikasirika sana, Mama mkubwa. Alisema maneno mengi ambayo hayapo kwenye simu ya Jedidah. Nami nikamweleza yetu, kwa Kiingereza changu cha kuokota: Uvira, karuho, Mama, kwamba kwetu mwenyeji anaonja kwanza mbele ya mgeni. Akasema kwao mwenyeji kutangulia kula ni aibu, bibi yake angemchapa na mwiko.

Akanyanyuka akaenda jikoni. Akaleta wali na samaki wa chumvi, akaweka katikati yetu. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nawaza barua yako iko mfukoni mwangu. Nilikuwa nawaza pia kwamba nikisimama sasa na koti la mtoto, sitashuka tena hapa, na huyu mama atabaki dirishani na hana wa kumngoja.

Nikamwambia, "Nuan dulu." Wewe kwanza.

Aliniangalia mpaka nikaona aibu. Akachota, akatafuna, akameza, halafu akafungua mdomo kunionyesha, kama mtoto anayepewa dawa. Kwa hasira. "Sasa wewe."

Nikagusa kwa kidole, nikapeleka mdomoni.

"Hiyo ni ya puni," akasema. "Sasa kula."

Nikala. Nilikula sahani nzima nikilia, na niliogopa mpaka punje ya mwisho, sikufichi. Dinah akasema, "Unakula polepole. Mume wako Jumamosi huwa anaongeza."

Nikasema, "Mume wangu yupi?"

Rigobert amekiri. Amesema, "Mama Merveille, ningekuambia ungenitapisha." Ule upepo wa tumboni ulikuwa wali, Mama mkubwa.

Mtoto bado anabaki kwa Dinah. Uliniambia nimtoe, sikumtoa. Niandikie nimefanya vibaya au vizuri. Hata matusi niandikie.

Mtoto wako, bado mzima,
Héritière


Inver Grove Heights
22 Mei 2016

Mama mkubwa,

Salamu tena. Hujanijibu. Habiyaremye anasema uko mzima na unalima bamia, basi nimejua mikono unayo, ni mimi tu usiyeniandikia.

Miti imetoa majani. Jedidah amenunua gari lingine, amesema hili halijui kuzunguka. Bado nakunja mashuka, bado sijapandishwa.

Nikuambie ukweli, kwa sababu wewe hujibu na mtu asiyejibu anaambiwa kila kitu. Bado namwonjesha Dinah. Kila sahani mpya namwangalia mkono wake, kucha zake. Anajua. Anaonja huku amenikazia macho. Nikiumwa tumbo kidogo nakaa kitandani nakufikiria wewe na Mama, nahesabu nilichokula. Halafu tumbo linapoa, naona haya. Kesho yake narudi tena kuangalia kucha. Sijui lini itaisha. Labda haiishi.

Lakini sasa ananifundisha yeye mwenyewe, jioni, nikimvalisha mtoto viatu. "Nyamai" ni tamu. "Nadai ngawa" ni haidhuru. Nikikosea anapiga meza. Ananiita Indai Merveille, kwa sababu kwao nao mzazi anaitwa kwa mtoto wake. Siku ya kwanza nilidhani amekuwa akikaa na wewe.

Kama umenikataa, niambie nijue.

Héritière


Nyarugusu
19 Juni 2016

Mwanangu,

Barua zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu unaijua, haipiti kwenye bahasha.

Bamia ni nzuri. Mgongo umezoea. Furaha ana jino.

Nilikaa nangoja habari kwamba umelala na huamki. Kila Habiyaremye akija na simu nilikuwa nafunga kanga vizuri kwanza, nisiaibike nikianguka. Habari haikuja. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, ikaja barua ya majani na magari. Basi nikajiambia, karuho gani hii yenye uvivu?

Uliniuliza Mama yako alikula nini kwa jirani. Ilikuwa ndizi na maharagwe, kwenye msiba wa baba mkwe wa yule mwanamke. Sahani ilikuwa moja. Mimi nilikuwa nimekaa upande huu, mama yako upande ule. Tulikula wote wawili mpaka tukafuta sahani kwa kidole.

Na mimi niko hapa nalima bamia.

Sitaki uniulize zaidi. Nimeandika hilo na mkono umechoka. Najua tu kwamba tangu siku ile sijala kwa mtu, na watu wameacha kunikaribisha, na mtu akizoea hivyo anadhani ndiyo akili.

Huyo Dinah wako sijamwamini. Usije ukamwambia nimemwamini. Lakini aliyekaa dirishani akikungoja urudi, huyo siwezi kumwita mchawi, kwa sababu hiyo ni kazi yangu na ameifanya nisipokuwepo. Nitafutie maneno mawili ya lugha yake. La kwanza la kumshukuru. La pili la kumwambia kwamba namwangalia. Yaandike kwa herufi kubwa, nitayasema yote mawili siku ukimpa simu.

Na Rigobert mwambie akome kuongeza.

Mama yako mkubwa,
Perpétue


Inver Grove Heights
31 Julai 2016

Mama mkubwa wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sehemu ya kuegesha magari, mpaka Jedidah akashuka kuniangalia kama nimepokea msiba. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi lia ndani ya gari, jua ni kali." Nimelia ndani ya gari. Habari ya sahani moja nimeipokea. Sitakuuliza zaidi, lakini nimelala nayo, na nimeamka nayo.

Merveille ana homa kidogo ya meno, si zaidi. Rigobert amekoma kuongeza, sasa anabeba kwenye kopo.

Maneno yako haya. La kumshukuru ni TERIMA KASIH. Hilo ni jepesi, sema polepole.

La pili sikuthubutu kulitafuta kwa mtu mwingine, nikamwuliza Dinah mwenyewe. Nilimwambia, mama yangu mkubwa kule Afrika anataka kujua kwenu mnasemaje "nakuangalia." Akaacha kukata vitunguu. "Huyo ndiye aliyesema unitoe mtoto?" Nikasema ndiye. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Akakata kitunguu kimoja, akakata cha pili, kisu kinapiga ubao. Halafu akafunika mdomo.

Amekataa kunipa neno. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie na mimi namwangalia. Na siku akija hapa, atakula."

Jumapili baada ya ibada nitapiga simu. Dinah atakuwa karibu nami. Waambie wanaokohoa watoke nje.

Mtoto wenu,
Héritière